Rasta zangu zisinifanye teja

Mhariri, naomba nafasi niliseme hili maana limenikaa rohoni. Mimi ni fundi umeme hapa Mtwara mjini, nimefuga rasta mwaka wa 7 sasa na sivuti bangi wala sigara. Juzi nimeitwa kufunga feni nyumba moja Shangani, nagonga geti na begi langu la vifaa, mama mwenye nyumba akachungulia, akaona nywele, akarudisha komeo na kupiga simu "mbona mmeniletea teja?" nasikia kila kitu niko nje na jua la saa 7 linanichoma. Kwenye daladala ndo usiseme, nikikaa tu jirani anahamishia pochi upande wa pili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi watu wa huku ndo tulitakiwa tuelewe. Bibi yangu wa Newala alikuwa na chale uso mzima na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, enzi zake huo ndo ulikuwa urembo wa Kimakonde kabisa, lakini alipokuja kuuguzwa Dar watu walimkodolea macho mpaka akawa anajiziba mdomo na khanga hata akinywa chai. Naikumbuka ile khanga, pindo limelowa chai.

Katiba yetu ya 1977 ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake, na mimi nimo humo jamani. Mama wa Shangani, kama unasoma, feni bado nitakuja kufunga, ila nifungulie geti.

Fundi umeme,
Chikongola, Mtwara