Ami, mbaazi usiziache

Assalaamu alaykum ami, shikamoo.

Nimesikia tangu tumbo lianze kukusumbua umeacha mbaazi, kunde, mtoriro, hata majimbi, kwa kuwa yanakujaza upepo. Asubuhi boflo na chai, mchana wali mweupe, usiku boflo tena. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe, na nakuandikia hadharani kwa kuwa wazee wengi hapa Pemba wanafanya hivyo hivyo.

Vyakula hivyo ulivyoviacha vina nyuzinyuzi za mimea, ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga. Hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wakazichachua. Upepo hutokana na kazi hiyo. Lakini hapo hapo hutoka pia butireti, asidi ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo. Seli zikishiba, ukuta hukaza na kinga ya mwili hutulia, uvimbe wa ndani unaotokana na kinga hiyo ukapungua. Kwa panya wa maabara imeonekana kuwa bakteria wakikosa nyuzinyuzi huanza kuula ute unaoulinda ukuta wenyewe. Hilo ndilo linalonitia hofu kila nikiifikiria sahani yako.

Wala si habari za mbali. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Kilimanjaro uliohusisha wanaume 77. Waliozoea vyakula vya asili walipolishwa vya kizungu kwa wiki mbili tu, dalili za uvimbe katika damu zilipanda. Waliotoka vya kizungu kwenda vya asili, zilishuka.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina kama gramu 11. Boflo la unga mweupe halitakufikisha huko.

Anza polepole, ami: mseto wa choroko, vijiko vichache, na maji ya kutosha. Mbaazi ziroweke usiku kucha, maji yale uyamwage, upepo utapungua. Lakini ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, au tumbo likifunga kabisa, nenda kwanza hospitali ya Abdalla Mzee ukapimwe. Utumbo uliobanwa au uliovimba sana huweza kudhurika kwa nyuzinyuzi, na hapo daktari ndiye wa kukwambia ule nini.

Mama mdogo nimeshamwomba aanze na choroko Jumamosi.

Wasalaam,
mwanao