Kabla hujapanda boti ya Chumbe

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Begi lako nimelifunga. Pampu zako zote mbili za pumu nimeziweka juu kabisa, ndani ya mfuko mweupe, ili mumeo akifungua begi azione. Usizisogeze kabla hajaziona. Najua mkono wako utataka kuzisogeza.

Mpaka naandika hapa sijui kama umemwambia mumeo kuwa una pumu. Nilipokuuliza kwenye simu ulinijibu "bado mama, nitamwambia", kisha ukahamia kwenye habari za mapazia. Mwambie, mwanangu. Mwambie kabla hamjafika Mbweni kupanda boti, mkiwa bado mna nafasi ya kukaa na kuzungumza.

Safari yenyewe ya kisiwani Chumbe mimi naiunga mkono. Shangazi zako wamesema waliyoyasema, kwamba pesa ile ingenunua dhahabu ikabaki, na kwamba mtu wa Unguja kulipa alale kisiwani ni kutupa mali. Niliwaacha waseme. Pesa mmechanga nyinyi wawili kwa jasho lenu, na nilipowaambia kuwa wewe ndiye uliyelipa nusu, walinyamaza. Hilo limenifurahisha kuliko unavyodhani. Na mahali mlipochagua pana heshima yake. Miamba ile imehifadhiwa tangu 1994, hapavuliwi hata samaki mmoja, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi waliofundishwa kazi hiyo. Binti wa mama yako mdogo alipelekwa na skuli yake, akarudi anatukataza sote kukanyaga matumbawe, eti ni wanyama hai. Nikauliza, kumbe ni kweli.

Ila kisiwa ni kisiwa. Mtakuwa kilomita kama 12 kusini ya Mji Mkongwe, kwenye vibanda saba vilivyojificha ndani ya miti, hakuna kijiji, hakuna duka la dawa la kwenda kugonga mlango. Kifua kikikubana saa nane za usiku, wa kwanza kukusikia ni yule aliyelala ubavuni mwako, naye hajui hata kwamba pampu hutikiswa kabla ya kutumiwa. Atadhani umeota vibaya. Atakuletea maji ya kunywa.

Ndiyo maana nasema mwambie.

Najua utanijibu kwamba kifua chako kimetulia siku nyingi. Kimetulia kwa sababu ya ile pampu ya kahawia unayovuta kila siku hapa nyumbani, na tangu shughuli za harusi zianze nimeiona imekaa pale pale juu ya kabati. Ile haiokoi mtu usiku, inazuia usiku huo usije. Ivute asubuhi na jioni hata ukijisikia mzima, na usukutue mdomo baada yake. Ya bluu ndiyo ya kukimbilia, na hiyo isikutoke mwilini: si kwenye begi, si kibandani, mfukoni. Usiiache juani wala kwenye mchanga wa moto, kile kikopo kina mgandamizo ndani yake.

Nimekutengenezea na chupa ya kuvutia dawa ya pampu. Ni ya nusu lita, nimeitoboa kitakoni kwa waya wa moto, tundu limekaa sawasawa na mdomo wa pampu, na pembeni nimezungushia utepe ili hewa isivuje. Nimeiosha kwa maji ya sabuni nikaiacha ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, maana plastiki ikisuguliwa huivuta dawa ikanata kwenye kuta, nawe ukabaki unavuta hewa tupu. Mumeo achomeke pampu kitakoni, wewe uweke midomo shingoni mwa chupa, abonyeze mara moja, uvute pumzi taratibu mara nne au tano, ndipo abonyeze tena. Asibonyeze mara mbili kwa pamoja. Mwoneshe kwa vitendo, na yeye afanye mbele yako mpaka aweze. Wanaume hukubali kwa kichwa jambo ambalo mkono haujalijua.

Watu wa pale hawapendi plastiki kisiwani, na wana haki. Waambie mapema kuwa chupa hiyo ni chombo cha dawa na kwamba utarudi nayo. Hilo litakulazimisha kusema neno pumu mbele ya watu, na mumeo akiwa amesimama hapo hapo. Bora alisikie kwako kwanza.

Posa ilipokuja hakuna aliyeuliza habari ya kifua chako, nami nilikwambia pampu ikae kwenye mkoba wa zipu. Yale yalikuwa ya wakati ule. Sasa ni mume wako, na mavyaa wako hatakurudisha kwa ajili ya pumzi. Kama atasema mlimficha, mwambie ni mama aliyekuzuia, nami akija nitazungumza naye.

Vibanda vyao vimeezekwa makuti na upande wa mbele viko wazi, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja. Upepo huo kifua chako unakipenda, siuogopi. Naogopa makuti yaliyoshika unyevu, kwa hiyo ukisikia harufu ya ukungu kitandani omba shuka nyengine. Choo chao hakitumii maji, unamwagia majani makavu na kila kitu kinageuka mbolea. Ukimwaga geuza uso, vumbi lile si lako. Usiku njia hutembewa kwa tochi, na najua mtataka kwenda kuwatafuta kaa wa nazi, maana kila aliyekwenda anawasimulia, wakubwa hata kukaribia kilo nne, wanapanda miti. Nendeni, lakini pampu mfukoni. Mnara wa taa wa 1904 upande pole pole, usishindane na mtu kwenye ngazi.

Sasa bahari. Ulijifunza kuogelea mtu mzima, kwa hiari yako, na mimi ndiye niliyekuwa nalalamika ufukweni, basi leo nakwambia wewe ni hodari. Lakini kuogelea na mrija mdomoni ni jambo jengine. Miwani inaziba pua, pumzi yote inapita mdomoni kwenye bomba jembamba, ukichoka kidogo unavuta kwa pupa, na ukivuta kwa pupa kifua kinafunga. Anza mahali ambapo miguu inagusa mchanga, pasipo na matumbawe. Pampu ya bluu itiwe kwenye mfuko usiopenya maji na abaki nayo mlinzi anayekusindikizeni, naye ajue ni ya nini. Kifua kikianza kupiga filimbi usisubiri wala usione aibu, toa mrija, lala chali, inua mkono. Na mumeo awe karibu yako, akijua anachokiangalia. Unaona narudia pale pale. Nitarudia mpaka unipigie uniambie tayari.

Jambo jengine. Kisiwa kile hakina kisima wala chemchemi. Maji ya kuogea yote ni ya mvua, yanashuka kutoka kwenye paa la kibanda, yanachujwa na kuhifadhiwa kwenye tangi chini. Usioge kama unavyooga hapa. Baba yako aliposikia habari hiyo hakulala, sasa anataka kufunga mfereji kwenye bati letu la nyuma ili masika ijayo maji yaingie kwenye tangi. Ameshapanda juu na kugundua misumari minne imeng'oka upande wa jikoni, ndiyo ile iliyokuwa inatuvujia tukidhani ni bomba. Angalia wanavyochuja, umletee maelezo. Muulize mlinzi wanaweka nini kwenye mdomo wa mfereji kuzuia majani, maana mwembe wa jirani utatumaliza.

Masufuria ya kukodi yamerudishwa, isipokuwa kifuniko cha lile kubwa la pilau hakionekani. Mwenyewe ameshapiga simu asubuhi, kwa adabu, lakini amepiga. Wifi yako alikuwa wa mwisho kuosha vyombo, muulize kwa upole, usije ukaonekana unamtuhumu. Na ufunguo wa sanduku lako la kanga umeondoka nao. Mama yako mdogo anazitaka mbili alizokuazima, ndani ya wiki hii, ana shughuli yake Bububu. Mpe mumeo aulete akipita mjini kesho.

Akija kuuleta, na awe ameshaambiwa. Nitamkalisha barazani nimpe kahawa, na nitamwonesha mwenyewe jinsi ya kuishika chupa.

Mama yako