Tuwekewe ubao wa kutambua mawakili kwenye lango la kila Baraza la Ardhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wenye kesi, hasa kesi za ardhi, na pia ombi langu liwafikie wanaosimamia Mahakama na Mabaraza ya Ardhi na Nyumba.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Kihonda, Morogoro. Mwaka 1996 nilinunua eka mbili Mkundi, tukaandikishana mbele ya mashahidi wanne. Watatu kati yao wameshatangulia mbele za haki. Mwenye shamba naye alipofariki, mwanawe akaziuza eka zile zile kwa mtu mwingine. Nilikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nikajisimamia mwenyewe, nikashindwa. Niliambiwa nina siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Hapo ndipo nilipoona sasa natafuta wakili.

Sikwenda mbali. Nje ya Baraza pana mti, na chini ya mti pana watu wenye mafaili. Mmoja alinifuata kabla sijamfuata. Alikuwa na suti nyeusi na shati jeupe, na alitaja vifungu vya sheria kama anayesoma msahafu. Aliniita mama, akaniuliza nimelia kwa nini. Akasema kesi yangu "ni ya kushinda asubuhi na mapema". Nilimpa laki nne, na baada ya wiki moja akataka laki mbili za kufungulia rufaa, nikamtumia kwa simu. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake. Nilipouliza, alisema ni la karani wake. Nikakubali.

Kila nilipompigia alinijibu kwamba rufaa iko ndani, tunasubiri tarehe. Siku ya 52 nilichoka kusubiri, nikabeba nakala aliyonipa na kwenda masijala ya Mahakama Kuu, kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Binti wa masijala alinikaribisha vizuri, akatafuta jina langu kwenye mfumo, akatafuta tena kwa jina la mdaiwa. Hapakuwa na kitu. Kisha akaigeuza nakala yangu mpaka ukurasa wa mwisho, akaniwekea kidole chini kabisa, mahali palipoandikwa: "Imetayarishwa na mrufani mwenyewe."

Mhariri, nimefundisha watoto kusoma miaka 34, na mstari ule nilikuwa sijausoma. Sheria ya Mawakili inataka anayeandaa hati ya mahakama aweke jina lake na anwani yake juu ya hati hiyo. Kishoka, yaani mtu anayejifanya wakili, hawezi kuliweka la kwake, maana kuandaa hati kwa malipo bila kuwa wakili ni kosa, kwa hiyo anaweka la kwako. Ukimkuta mtu amekuandikia hati, umemlipa, na mwisho imeandikwa kwamba umeiandaa wewe, hapo umeshajua uko na nani.

Mpwa wangu aliyesoma sheria Mzumbe ndiye aliyenishika mkono. Yeye mwenyewe ana shahada na bado si wakili, na alinieleza kwa nini. Baada ya chuo kikuu kuna taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, na ukifaulu huko ndipo unaomba kukubaliwa na kuapishwa na Jaji Mkuu. Jina linaingizwa kwenye orodha ya mawakili, unapewa namba, na kila mwaka unahuisha leseni yako. Asiyehuisha haruhusiwi kufanya kazi hata kama aliapishwa zamani. Namba hiyo na hali ya leseni vinaonekana kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili, bure, kwa simu ya kawaida yenye intaneti. Tuliliandika jina la yule bwana kwa kila namna tuliyoweza kuliandika. Hayumo.

Lakini kujua kwamba fulani ni wakili kweli hakukutoshi. Wako wengi, na si kila mmoja anafaa kwa kesi yako. Tulichofanya ni hiki: mpwa wangu alifungua TanzLII, tovuti ambako hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huwekwa kila mtu azisome, akatafuta kesi za viwanja vilivyouzwa mara mbili na kesi za watu waliochelewa kukata rufaa. Hukumu nyingi hutaja nani alimsimamia nani. Baada ya jioni tatu tulikuwa na majina manne ya mawakili wa hapa Morogoro na Dodoma waliokuwa wakirudi rudi kwenye kesi hizo. Hatukuangalia nani kashinda tu. Tulisoma jaji alisema nini juu ya hoja zao. Hukumu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo alikuwa akinitafsiria. Kwa bahati tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na zilizoandikwa kwa Kiswahili zinaongezeka.

Kisha nilikwenda kukaa mahakamani. Kesi husikilizwa hadharani, na mtu yeyote anaruhusiwa kukaa nyuma akanyamaza. Wakili wa kwanza kwenye orodha yetu aliomba kesi iahirishwe mara mbili ndani ya wiki moja. Wa pili alikuwa mama wa makamo, sauti ndogo, faili lake limepangwa kwa vikaratasi vya rangi. Jaji alipomuuliza tarehe, aliisema bila kufunua. Huyo ndiye niliyemfuata ofisini.

Swali lake la kwanza halikuwa juu yangu. Aliuliza: "Mwalimu, unayeshtakiana naye anaitwa nani?" Alitaka kuhakikisha kwamba hajawahi kumsimamia mtu huyo. Ndipo akanisikiliza karibu saa nzima, akasoma hukumu ya Baraza, na akaniambia mambo ambayo yule wa chini ya mti hakuniambia. Kwamba karatasi yangu ya mauziano ina upungufu. Kwamba kwa kuwa siku 45 zimepita, lazima kwanza tuombe Mahakama Kuu itupe muda, na kwenye maombi hayo kila siku ya kuchelewa inatakiwa iwe na maelezo yake, hata siku moja isikose. Kwamba anaweza kupigana lakini hawezi kuniahidi ushindi. Nilitoka pale nimeogopa kuliko nilivyoingia, na bado nilimwamini.

Bei tuliisema wazi. Milioni moja na nusu kwa maombi ya kuongezewa muda, kwa awamu tatu, na rufaa yenyewe ikiruhusiwa tutaelewana upya. Ada ya mahakama ni mbali, na hiyo nililipa mwenyewe kwa namba ya malipo ya serikali, risiti ninayo. Tuliandikishana kurasa mbili: atafanya nini, nitalipa lini, nani atasimama siku akiwa na udhuru, na kwamba hati zangu halisi zinabaki kwangu, yeye anachukua nakala. Akaomba ujumbe wote wa simu niliotumiana na yule kishoka, na kumbukumbu za malipo, ili aambatishe kwenye hati ya kiapo. Niliketi usiku mzima na kalenda, nikijaza siku moja moja.

Najua wako wasio na milioni na nusu. Mimi nimeipata kwa kuuza mbuzi na kukopa kwenye kikundi. Kwa wasio nazo ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na yapo mashirika kama TAWLA, yaani Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Wasaidizi wa kisheria walioko kwenye kata nao ni msaada mkubwa kwa ushauri, ila wao hawasimami mahakamani kama mawakili wala hawatakiwi kukutoza. Akikutoza, muulize.

Ombi langu kwa wakubwa ni dogo. Yule bwana bado yuko chini ya mti. Nilimwona wiki iliyopita ameinamia kina mama wawili, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Niliwaita pembeni nikawaambia, lakini siwezi kukaa pale kila siku. Kwenye lango la kila Baraza na kila mahakama uwekwe ubao, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: muulize namba yake ya uwakili, itafute kwenye e-Wakili, angalia jina la aliyeandaa hati yako, usilipe ada ya mahakama mkononi mwa mtu. Na kwa asiye na simu ya intaneti, masijala iwe na mtu mmoja wa kumtazamia jina hilo palepale. Kazi hiyo haizidi dakika mbili. Mimi nimeiona ikifanyika.

Kama tatizo ni nani wa kuuandika ubao huo hapa Morogoro, nitauandika mimi, na chaki au rangi nitanunua.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa mhariri)