Dhamana ya nyongeza ya gari lililotumika isomwe kabla ya kulipiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme na wanunuzi wa magari yaliyotumika, hususan wale ambao, baada ya kukubaliana bei na wakiwa mezani wakisubiri kutia saini, huletewa karatasi moja zaidi na kuambiwa kwamba kwa kuongeza kiasi kidogo juu ya bei ya gari watapata dhamana ya nyongeza ya mwaka mmoja, miwili au mitatu. Nami niliwahi kuketi kwenye meza hiyo. Nilitia saini bila kusoma zaidi ya ukurasa wa kwanza, na niliyojifunza baadaye nimeyalipia kwa fedha ambazo sikuwa nimezipanga, kwa hiyo haya ninayoyaandika si ya kusimuliwa.

Neno lenyewe ndilo linaloanza kutupoteza. Dhamana, kama wengi wetu tunavyolielewa neno hili, ni ahadi ya aliyetengeneza kitu au aliyekiuza kwamba ni kizima, na kwamba kikionekana kuwa na kasoro yeye ndiye atakayewajibika bila kukudai malipo mengine. Kinachouzwa pale mezani ni kitu tofauti kabisa. Ni mkataba wa kulipia matengenezo ya aina fulani kwa masharti fulani, na mara nyingi haufungwi baina ya mnunuzi na muuzaji wa gari, wala baina ya mnunuzi na kiwanda, bali baina ya mnunuzi na kampuni ya tatu ambayo hajawahi kuisikia. Nchini Marekani, chombo cha serikali kinachosimamia haki za walaji huwaeleza wananchi waziwazi kwamba mkataba wa namna hii si dhamana kwa maana ya sheria, hata kama muuzaji anauita hivyo. Muuzaji anapata kamisheni yake siku ile ile ya mauzo, na gari likiharibika kazi yake ni kukuelekeza kwenye namba ya simu iliyoandikwa nyuma ya karatasi.

Gari langu lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita 120,000 nilipolinunua, na mkataba ulikuwa na miezi mitano tu tangu nilipousaini. Nikiwa barabarani injini ilizima ghafla, usukani ukawa mzito mikononi, nikaliacha gari lisererekee hadi pembeni. Lilivutwa mpaka gereji, na fundi alipofungua kava ya mbele ya injini alitoa mkanda wa taimingi uliokatika na kuulaza juu ya kitambaa ili niuone: meno yake yalikuwa yamenyofoka kwa urefu wa kiganja, na kingo zake zilikuwa zimechanikachanika kama kamba kuukuu. Mkanda huo ndio unaounganisha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na kamshafti, mhimili unaozisukuma valvu za kupitishia hewa na moshi, ili valvu hizo zifunguke na kufunga kwa kufuata mwendo wa pistoni. Katika injini nyingi, valvu na pistoni hutumia nafasi ile ile kwa zamu. Mkanda ukikatika zamu huvurugika, na pistoni huzigonga valvu zikiwa bado wazi. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Fundi aliponyanyua silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, valvu kadhaa zilikuwa zimepinda kiasi cha kuonekana kwa macho.

Sikuwa na hofu kubwa, kwa sababu ukurasa wa tatu wa mkataba wangu ulitaja injini, na chini yake ukataja pistoni, valvu na kamshafti kwa majina. Kampuni ilinijibu kwa kunielekeza ukurasa wa kumi na moja. Huko kulikuwa na vifungu viwili vifupi. Cha kwanza kilisema kwamba mikanda, mipira na vifaa vyote vya kuchakaa havilipiwi. Cha pili kilisema kwamba uharibifu wa kifaa chochote, hata kilichotajwa kuwa kinalipiwa, hautalipiwa endapo umesababishwa na kifaa kisicholipiwa. Mtu anaweza kusoma ukurasa wa tatu mara kumi na kuamini kwa haki kabisa kwamba valvu zake zimekingwa, kwa maana ni kweli zimetajwa, na asijue kwamba njia mojawapo inayojulikana sana ya kuziharibu imeondolewa kurasa nane mbele.

Kifungu hicho cha pili ndicho ninachowasihi wasomaji wakitafute kabla ya kingine chochote, kwa sababu hakiishii kwenye mkanda. Bomba la mpira la rejeta likipasuka, maji yakamwagika na injini ikapata moto hadi gasketi ya silinda hedi ikaungua, bomba ni kifaa cha kuchakaa na gasketi ni madhara yake. Sili ya oili ikivuja taratibu mpaka giaboksi ikakauka, hoja itakuwa ile ile. Magari hayaharibiki kwa kuvunjika vyuma vikubwa kwanza. Huanza na kitu kidogo cha mpira au cha plastiki, kisha kitu kidogo hicho ndicho kinachokiua kikubwa.

Hapo tunafika kwenye ugumu wenyewe wa mikataba hii kwa gari lililotumika. Karibu yote husema kwamba inalipia kuharibika na hailipii kuchakaa. Kwa gari jipya mpaka huo unaeleweka, maana klachi iliyoisha baada ya miaka imechakaa, na giaboksi iliyokwama katika mwezi wa pili ina kasoro. Lakini katika gari lililotembea kilomita laki moja na zaidi, ni kifaa gani ambacho hakijachakaa kwa kiasi fulani? Beringi, bushi, shokapu, pampu ya maji, kompresa ya kiyoyozi, vyote vimekwisha kutumika, na kila kinapoharibika mtu anaweza kusema kwa ukweli fulani kwamba kilichakaa. Mpaka kati ya maneno haya mawili hauchorwi na mwenye gari wala na fundi wake, bali na yule yule ambaye, ukichorwa upande mwingine, atalazimika kulipa.

Sharti la kumbukumbu za matengenezo nalo linahitaji kusemwa kwa kirefu, kwa kuwa ndilo lililonimaliza nilipokata rufaa. Niliombwa nithibitishe kwamba mkanda ulibadilishwa kwa wakati uliowekwa na kiwanda, ambao kwa magari mengi huwa kati ya kilomita 100,000 na 160,000, na kwa mengine hupungua kutegemea umri wa gari. Mimi nilikuwa na risiti za oili na filta za miezi yangu mitano. Za mwenye gari wa kwanza sikuwa nazo, na muuzaji hakuwa nazo pia. Kwa hiyo niliwajibishwa kwa uzembe wa miaka ambayo gari hilo sikuwa hata nimeliona. Mtu anayeuza mkataba wa gari lililotumika anajua fika kwamba mnunuzi hana historia kamili ya gari hilo, na bado anaweka sharti ambalo ni mwenye historia hiyo tu anayeweza kulitimiza. Kwa wale ambao wamekwisha kusaini, nawaomba watunze kila risiti, iwe na tarehe, namba ya gari na kilomita zilizosomwa siku hiyo, na anayejibadilishia oili mwenyewe nyumbani atunze hata risiti ya dukani aliponunua oili na filta.

Kulikuwa na gharama nyingine ambayo sikuitarajia. Kampuni ilitaka injini ifunguliwe ili mkaguzi wake aone kilichoharibika kabla ya kuamua, na mkataba ulisema kwamba dai likikataliwa, kazi ya kufungua ni juu ya mwenye gari. Nililipia kufungua, nikalipia siku ambazo gari lilikaa gereji likimsubiri mkaguzi, na mwisho nikalipia matengenezo yenyewe. Fundi asianze kubadilisha kitu chochote kabla ya kampuni kutoa kibali cha maandishi, kwani mikataba mingi huhesabu kazi iliyofanywa bila kibali kuwa si yao hata kama ingestahili kulipwa.

Yako mengine nitakayoyapitia kwa haraka. Mikataba mingi ina kipindi cha kusubiri mwanzoni ambacho hailipi chochote; ina kikomo cha malipo kwa kila dai na kikomo kingine kwa muda wote; huweka kiwango chake cha ujira wa fundi, na gereji yako ikitoza zaidi tofauti ni yako; na baadhi hupunguza mchango wao kadiri kilomita zinavyopanda. Gari linalotumika kibiashara, hata kubeba abiria mwishoni mwa juma tu, kwa kawaida hutolewa nje kabisa. Ikiwa gari bado liko ndani ya dhamana ya kiwanda, uliza mkataba unaanza kuhesabiwa lini, usije ukalipia miezi ambayo tayari umekingwa bure. Na ikiwa gari linanunuliwa kwa mkopo, ada ya mkataba ikichanganywa humo utailipia riba mpaka mkopo uishe, pengine baada ya mkataba wenyewe kwisha.

Sisemi kwamba kila mkataba wa aina hii ni hadaa. Ipo inayotolewa na viwanda vyenyewe na kuheshimiwa na gereji zao, na ipo ambayo badala ya kuorodhesha vinavyolipiwa huorodhesha visivyolipiwa tu, kila kilichobaki kikawa kimekingwa. Hii ya pili kwa kawaida ni bora, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Hata hivyo, ada inayolipwa na wanunuzi wote ndiyo inayolipia kamisheni ya muuzaji, ofisi za kampuni na faida yake, kabla ya kulipia injini ya mtu yeyote, kwa hiyo wanunuzi kwa jumla yao lazima wapokee pungufu ya walichotoa. Anayeweza kuiweka ada hiyo benki kwa ajili ya gari lake mwenyewe atabaki nayo gari lisipoharibika, na likiharibika haombi kibali cha mtu. Na kampuni ikifilisika, mwenye mkataba hujiunga na foleni ya wanaoidai, isipokuwa kama kuna bima nyuma yake. Jina la kampuni hiyo ya bima lapaswa kuwa limeandikwa katika mkataba.

Inafaa pia mnunuzi aulize sheria inampa nini bila malipo ya ziada. Uingereza, kwa mfano, kwa sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015, anayenunua gari kwa mfanyabiashara na kukuta lina kasoro ana siku 30 za kulirudisha na kudai fedha zake, na kasoro inayojitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa kwamba ilikuwapo tangu siku ya mauzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Ni makosa kumuuzia mtu kwa fedha kile ambacho sheria imekwisha kumpa.

Ombi langu kwa wauzaji na kwa wanaowasimamia ni moja. Mkataba wote, kurasa zake zote, akabidhiwe mnunuzi siku kadhaa kabla ya siku ya saini, ukiitwa mkataba wa matengenezo na si dhamana, na visivyolipiwa viandikwe ukurasa wa kwanza kwa herufi zile zile zilizotumika kuandika vinavyolipiwa. Si jambo lisilowezekana: Marekani, tangu mwaka 1985, wauzaji wa magari yaliyotumika wanatakiwa na kanuni kubandika kwenye gari karatasi inayoeleza kama gari linauzwa kwa dhamana au jinsi lilivyo bila dhamana, mteja aione kabla hajafika mezani.

Wakati tukisubiri hilo, nawashauri wanunuzi wauchukue mkataba wakampe fundi anayeijua aina hiyo ya gari, wamuulize ni vitu gani huharibika kwanza na kama vimekingwa. Fundi wangu aliusoma wa kwangu kwa dakika zisizozidi kumi, amesimama kando ya injini iliyofunguliwa, akifuta mikono, kisha akaweka kidole kwenye mstari ule ule wa ukurasa wa kumi na moja ambao kampuni ilininukulia siku mbili baadaye.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa gazeti lako