Kwa Wakuu wa Vyuo vya Tiba: Kabla Hamjaweka Mtihani Wenu wa Kuingilia

Wanangu,

Nawaita hivyo kwa sababu baadhi yenu nimewafundisha anatomia, mkiwa bado mnatembea na makoti meupe yenye mikunjo ya dukani. Leo ninyi ndio mnaokaa kwenye kamati za udahili.

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka nasikia maneno yaleyale: waombaji wa udaktari ni wengi, alama zimebanana, basi vyuo vya tiba viwe na mtihani mmoja wa kuingilia kama Marekani. Naomba mnisikilize kabla jambo hili halijafika mbali.

Mtihani wa Marekani, MCAT, nauheshimu. Chimbuko lake ni miaka ya 1920, wakati wanafunzi wengi wa tiba kule walikuwa wanaishia njiani. Una kazi yake hadi leo, kwa kuwa waombaji wanatoka vyuo tofauti, na kila mwalimu ametunga na kusahihisha kivyake. Lazima kiwepo kipimo cha kuwakutanisha. Sisi kipimo hicho tunacho. Baraza letu la Mitihani la Tanzania lipo tangu mwaka 1973. Mtoto wa Kibondo na mtoto wa Upanga wanafanya karatasi ileile ya Kemia, siku ileile, na msahihishaji haoni jina, anaona namba. Wenzetu waliziba pengo. Sisi tunataka kuweka kiraka mahali ambapo nguo haijachanika.

Msidhani nachukia mitihani. Mimi ni wa enzi za Azimio la Musoma la mwaka 1974. Ukimaliza kidato cha sita ulikwenda JKT, ukafanya kazi kwanza, na chuo kikuu uliingia kwa kupendekezwa na mwajiri na chama. Nia ilikuwa njema kabisa: daktari awe mtu aliyeishi na watu. Lakini nilikuwa na rafiki aliyenizidi Fizikia na Kemia, na mkuu wake wa kazi akamkalia barua. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Akaoa, watoto wakaja, akastaafia kwenye meza ileile. Kwa hiyo mtu akiniambia tuache alama, tuweke usaili wa kupima wito, namuuliza: nani atakaa kwenye hiyo meza, na nani atampigia simu usiku?

Namba ya mtihani haina baba. Hilo nalitetea. Ila haisemi mtoto amesomea wapi.

Nilipata kijana mmoja, wiki yake ya kwanza maabara. Aliinamia hadubini, akazungusha skrubu kubwa, lenzi ikashuka, ikashuka, hadi slaidi ikapasuka. Akaganda, mikono hewani, kama mtu aliyevunja sahani ugenini. Nilipomuuliza alisema hadubini anaijua vizuri. Angeweza kuichora na kuandika sehemu zake zote bila kukosea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuigusa. Nikavuta kiti, nikamwonyesha: lenzi ikishuka itazame kwa ubavuni, kisha chungulia ukiipandisha taratibu. Mwaka wa tatu wenzake ndiye waliyemfuata awasaidie kusoma slaidi za malaria.

Huyo aliingia kwa alama za mwisho mwisho. Sasa mtoleeni mtihani wa pili, wenye vitabu vyake vya maandalizi na tuisheni yake mjini, wenye ada na nauli ya kwenda kulala kwa watu Mwanza au Dar es Salaam. Asingefika. Na kiti chake asingekichukua mwenye akili zaidi; angekichukua mwenye hadubini shuleni na mwalimu wa jioni nyumbani.

Tazameni India pia. Huko mtihani wa NEET ndio mlango wa shahada ya kwanza ya udaktari. Mwezi Mei 2024 uliwakalisha vijana zaidi ya milioni mbili. Matokeo ya kwanza yalionyesha 67 wamepata 720 kati ya 720. Ikathibitika kwamba karatasi ilivuja Patna na Hazaribagh, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Maisha ya mtoto yakining'inia kwenye karatasi moja, wapo watakaoiuza karatasi hiyo.

Ikiwa lazima muwe na mtihani, basi uwe wa kumfungulia mtu aliyefungiwa. Mpeni aliyekosa pointi chache katika shule isiyo na maabara. Mpeni tabibu asiye na shahada ya udaktari, ambaye ametibu miaka kumi kwenye zahanati na matokeo yake ya zamani bado yanambana. Ufanyike kila mkoa, bila ada, usahihishwe kwa namba. Mwenye alama zake za kidato cha sita zinazotosha msimdai tena.

Na fedha ambazo mngelipa watunzi na wasimamizi, zipelekeni kwenye wiki sita za maabara kabla mwaka wa kwanza haujaanza. Mimi mstaafu niko tayari kuzifundisha bure, na wenzangu kadhaa nitawaleta. Mkipanga kikao cha kuliamua jambo hili, nipigieni. Nitapanda basi kwa nauli yangu.

Mwalimu wenu