Pesa za mafunzo ziwafikie wa zamu ya usiku

Mheshimiwa Mhariri,

Mimi ni mshonaji hapa Katuba, Lubumbashi. Kila nikisikia wafadhili wametoa pesa za kuwafunza polisi kuhusu ubakaji na vipigo vya nyumbani, namkumbuka jirani yangu. Nilimsindikiza kituoni Ijumaa usiku, kikwembe chake kina damu. Askari alimhoji mbele ya walevi waliokamatwa, kisha akaomba faranga za kununulia karatasi. Karatasi! Dawa za kuzuia Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72 baada ya kubakwa. Sisi tukaambiwa turudi Jumatatu. Na sheria ya Kongo ya mwaka 2006 dhidi ya ukatili wa kingono ipo. Semina zisiishie hotelini kwa soda na posho za wakubwa. Mfunzeni yule wa zamu ya usiku, na mnunue mlango wa chumba cha kuhojia.

Mama mshonaji, Katuba