Mdogo wangu, Yeremia alipima fedha kwanza, akaomba baadaye

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Umeniuliza mashahidi ni wa nini ikiwa anayekuuzia shamba ni ndugu wa damu na wote mmeokoka. Unaona kama kuandikishiana ni kukosa imani. Naomba usome Yeremia 32, na usome taratibu mstari wa 6 hadi wa 15. Wahubiri wengi hukimbilia mstari wa 27, ule wa hakuna neno gumu kwa Bwana, wakaruka mizani, mihuri na mtungi. Kwangu mimi somo limekaa humohumo walimoruka.

Ni mwaka wa 10 wa Mfalme Sedekia, kama 587 KK. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kusema waziwazi kwamba mji utaanguka. Anakuja binamu yake Hanameli: nunua shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa ni yako. Sheria ya Walawi 25:25 ndiyo iliyompa neno hilo, maana jamaa wa karibu ndiye aliyetakiwa kuizuia ardhi isitoke kwenye ukoo. Ila Anathothi iko kilomita kama 5 kaskazini-mashariki ya Yerusalemu, nje ya kuta, upande waliko maadui. Tena watu wa Anathothi ndio waliotaka kumuua (11:21), na ndugu zake mwenyewe walimtenda hila (12:6). Kwa hiyo usidhani alikuwa akifanya biashara na watu asioujua ubaya wao.

Mungu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba Hanameli atakuja. Hata hivyo, katika mstari wa 8 anasema alijua kuwa ni neno la Bwana pale Hanameli alipotokea na maneno yaleyale. Huyu ni nabii mwenye miaka 40 kazini, na bado aliacha neno lithibitike. Siku hizi mtu akiota usiku, asubuhi keshalipia.

Bei ilikuwa shekeli 17 za fedha, madini yenyewe. Sarafu zilikuwa bado hazijaenea Yuda. Shekeli ilikuwa uzito, gramu 11 na ushee, kwa hiyo jumla haikufika gramu 200. Vipande hivyo vinaenea kiganjani. Ukubwa wa shamba haukuandikwa, hivyo anayehubiri kwamba Yeremia alipunjwa, au kwamba alilipata kwa bei ya kutupa, anabahatisha tu. Fedha iliwekwa kwenye mizani, upande wa pili mawe ya kupimia, na hapo ndipo wizi ulipopitia: Amosi 8:5 inawataja wafanyabiashara waliochezea mizani na vipimo. Ndiyo maana ilikuwa muhimu watu waone kwa macho yao.

Halafu hati. Andiko linataja iliyotiwa muhuri na iliyo wazi. Hati za namna hiyo za karne za baadaye zimepatikana katika Jangwa la Yudea, na zinaonyesha kazi yake. Maneno yaleyale huandikwa mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Sehemu ya juu inakunjwa na kufungwa kwa uzi, ya chini inabaki wazi isomwe na yeyote. Mtu akiichezea ya chini, akasogeza mpaka au akabadili bei, ile ya juu inafunguliwa na kulinganishwa. Zama za Yeremia uzi uligandishwa kwa donge la udongo na kukandamizwa muhuri. Mwaka 1982, wachimbaji wa mambo ya kale chini ya Yigal Shiloh walipata madonge kama 50 ya aina hiyo Yerusalemu, ndani ya nyumba iliyoungua Wababeli walipouteketeza mji. Hati zenyewe, za mafunjo (karatasi ya matete), zote zililiwa na moto, ila udongo uliiva kama tofali. Donge moja lina jina la Gemaria mwana wa Shafani, jina lilelile la mwenye chumba ambamo Baruku, mwandishi wa Yeremia, alilisoma gombo lake (36:10).

Sasa utaelewa kwa nini Baruku aliagizwa, mbele ya Hanameli, mashahidi waliotia sahihi na watu wote waliokaa uwandani, aziweke hati hizo katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Baadhi ya magombo ya kale ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana 1947, yalikaa ndani ya mitungi kama miaka 2,000. Wewe huna mtungi, lakini nakala mbili unaweza kuandika, moja ikae kwako na nyingine kwa mtu asiye na masilahi katika shamba. Majirani wa mipakani wawepo, na pesa ihesabiwe wakitazama.

Maombi yanaanzia mstari wa 16, hati ikiwa imekwisha kukabidhiwa. Na si maombi ya mtu aliyetulia. Katika mstari wa 25 ni kama anamuuliza Mungu: umeniambia ninunue na niite mashahidi, na mji huu umeshatiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli? Alitii huku moyo unapiga kelele.

Usitarajie pia kwamba shamba litajibu mwezi ujao. Nabii wa uongo Hananiya ndiye aliyeahidi kwamba waliochukuliwa Babeli watarudi ndani ya miaka miwili (28:3-4), akafa mwaka uleule. Yeremia alisema miaka 70 (29:10), mstari ambao kalenda zetu za ukutani huuruka ili ziandike ule wa 11. Yeye mwenyewe alichukuliwa hadi Tahpanesi, Misri, na hakuna mahali tunaposoma kwamba alivuna hata punje Anathothi. Lakini fungua Ezra 2:23, kwenye orodha ya waliorudi kutoka Babeli. Watu wa Anathothi wamehesabiwa: 128.